Makofi Niliyompigia Mwenyekiti wa Radi

Malangali, Sumbawanga
Ijumaa jioni

Mama yangu,

Kabla sijakuamkia, naomba nitoe kwanza kitu ambacho sijamwambia mtu yeyote. Nikianza na salamu nitajificha humo humo kwenye salamu, unanijua, na karatasi itaisha sijasema. Siku viongozi wa timu waliponiita kuniuliza kama nimesaini kwa wapinzani wetu, waliniambia nitoke nje nisubiri. Sikwenda mbali. Nilisimama nyuma ya nyumba hii ya kambi ya timu, chini ya dirisha, pale ninapoanika glavu zangu, nikasikia maneno aliyosema dada Skola. Tangu siku hiyo nalala naye chumba kimoja na nakula naye sahani moja, na yeye hajui kwamba nilisikia.

Sasa shikamoo, Mama. Goti lako linaendeleaje? Kaka Deo bado anakusaidia kuteka maji, au ameshaanza tena kusingizia mgongo? Na macho yanayoumizwa na moshi wa kukaushia samaki wako wa migebuka, ulienda kuyaonyesha zahanati kama ulivyoahidi? Mimi mwili ni mzima. Baridi ya huku mwezi huu haina huruma. Asubuhi mpira ukigonga viganja unaona kama umedaka jiwe la mtoni. Shuleni naendelea, Kiingereza nakielewa kikiwa kwenye karatasi. Mwalimu akisema nisimame nijibu, nasahau Kiingereza, nasahau na Kiswahili, nabaki na Kifipa cha jikoni kwako, nacho hakitoki.

Utashangaa barua haina mwandiko wa Skola. Huwa naandika mimi, halafu yeye anamalizia mistari yake miwili chini, na wewe unasema mistari yake miwili inakuchekesha kuliko ukurasa wangu mzima. Safari hii naandika kwa kuiba. Nikisikia anakuja naingiza karatasi chini ya godoro nashika kitabu cha Baiolojia. Simu yangu anayo katibu wa timu, anasema ni ya uchunguzi. Kwa hiyo barua hii nitampa konda wa basi la Kabwe. Naomba uisome peke yako kwanza, kabla mama mdogo hajaja kuulizia habari za mwanawe Skola.

Wewe mpira huufuatilii, unaufuatilia kwa ajili yetu tu, kwa hiyo nakueleza tangu mwanzo. Hapa mjini timu za wasichana zenye watu ni mbili. Kuna sisi Korongo Queens, na kuna Radi Queens. Tukicheza na timu nyingine watu wanakuja na watoto wao na karanga. Tukicheza sisi kwa sisi, hata watu wa ndoa moja wanakaa pande mbili za uwanja. Na dirisha la usajili likifunguliwa, mji mzima unageuka askari. Mchezaji akionekana anakunywa chai na mtu wa upande wa pili, mpaka jioni redio inasema ameshapewa jezi na namba ya mgongoni. Mwezi huu tetesi zilikuwa moja tu, zikazungushwa kila siku: Radi wanachukua mchezaji wa Korongo, tena mtoto wa ziwani. Na Mama, watoto wa ziwani kwenye timu yetu tuko wawili. Mimi kipa, na dada Skola nahodha.

Sasa ninaomba usishtuke. Yule Mzee Wensi mwenye fuso, anayekuja Kabwe kununua dagaa kwako, yule uliyempa furushi aniletee, ndiye mwenyekiti wa Radi Queens.

Najua hukujua. Kwako ni mteja mzuri anayekula ugali wako na kusifia. Hata mimi sikuwaza. Alituma kijana shuleni kuniambia furushi la mama limefika, nikatoka mazoezini nikaenda ghalani kwake karibu na stendi, nimevaa koti la timu, mgongoni limeandikwa KORONGO QUEENS. Nilimkuta amekaa kwenye gunia la mahindi, watu wamejaa nje, madereva wa bodaboda wanaota jua.

“Wewe ndiye mtoto wa Mama Deo?” akaniuliza.

“Ndiyo, baba. Shikamoo.”

“Marahaba. Mama yako kanisumbua kweli! Kaniambia huyu mtoto akipatwa na mafua, dagaa huzipati tena.”

Akaninyooshea furushi. Nami nikafanya ulivyonifundisha. Nikapiga magoti pale kwenye pumba za mahindi, nikakunja viganja, nikapiga makofi taratibu, halafu nikapokea kwa mikono miwili. Ningefanyaje? Ni mtu mzima, ametoka kwako, ana jasho la kubeba mzigo wako. Unakumbuka ulipotufundisha mimi na Skola kibarazani kwa kutumia kata ya maji? Mimi nilikuwa napiga kwa nguvu kama niko ngomani, Skola akanishika mikono akanikunja vidole, akasema shika kama kuna kifaranga ndani. Mpaka leo napiga hivyo, kama kuna kifaranga ndani.

Nje bodaboda mmoja akapiga kelele, “Kipa wa Korongo! Magoti yote hayo, unaomba nini kwa mzee?” Wakacheka. Mwingine akasema, “We, hii siyo ya kuacha,” akainua simu. Mimi uso wote ulikuwa umewaka moto, nikainamisha kichwa zaidi. Ndiyo picha waliyoipata.

Niliposimama niondoke, mzee akasogea akashusha sauti. “Mwambie dada yako, nahodha wenu, neno letu liko palepale. Namsubiri baada ya mechi ya Jumapili.”

Nikaitikia ndiyo, baba. Sikuuliza neno gani. Mimi na maswali kwa wakubwa, unajua.

Jioni ile tulikuwa na furaha, Mama. Tulifungua furushi kitandani, Skola akachukua migebuka akaibusu kama mtu. Sweta ulilonitumia akanivalisha mwenyewe, akasema rangi yake ya ugoro ila joto lake la mama. Dagaa akawakaanga na nyanya, tukala na ugali wa ulezi mpaka tukagombania ukoko. Nikamwambia salamu za mzee kama nilivyopewa, neno kwa neno. Akaacha kutafuna.

“Kuna mtu mwingine alisikia?”

“Hapana.”

“Achana nao. Wazee wa Radi wanapenda utani.” Akamega tonge, akalishika tu mkononi. “Ila usiuseme mbele za watu huo utani, mdogo wangu. Watakuelewa vibaya wewe.”

Nikaona ananilinda. Ndivyo nilivyoona.

Kesho yake picha ilikuwa kwenye kila simu ya Sumbawanga. Mimi chini nimepiga magoti na koti la Korongo, Mzee Wensi juu yangu ananyoosha furushi, na maandishi mekundu: KIPA KESHAMALIZANA NA RADI. Mtangazaji wa michezo akasema redioni eti ndani ya furushi kulikuwa na jezi, viatu vipya na “mambo mengine ambayo studio haiwezi kuyataja”. Studio haiwezi kutaja dagaa, Mama. Ningekuwa na moyo wa kucheka ningecheka.

Mama anayetuuzia nyanya sokoni, shabiki wetu mkubwa, yule anayeniongezeaga moja kila nikinunua, alinipa nyanya zangu akazihesabu kwa sauti. Nikasubiri ya nyongeza kwa mazoea. Akanitazama. “Ya nyongeza kamdai mwenyekiti wako.” Kambini hali ni ile ile. Zawadi, beki wetu wa kati, ambaye nikidaka ndiye wa kwanza kunikumbatia, alinikuta nimevaa sweta lako akaita wenzake: “Njooni muone sweta la usajili!” Na lile jina likabaki. Sasa hata watoto wa jirani wakiniona wanasema sweta la usajili lile.

Nilikuwa nalia bafuni. Skola alikuwa ananifuata mlangoni, anagonga kidogo kidogo, “Edi, toka ule. Usijali. Mimi ni nahodha, nitakutetea.” Nikawa nampenda kuliko siku zote.

Ndipo wakaniita. Walikuwa katibu, kocha na mzee wa nidhamu, na Skola pembeni kwa sababu ni nahodha. Katibu akaweka simu mezani na ile picha.

“Umesaini au hujasaini?”

Mama, nilisema. Naapa nilisema, sauti ndogo lakini ilitoka. Nilisema furushi limetoka kwa mama.

Katibu akacheka mpaka akavua kofia. “Kwa hiyo mwenyekiti wa Radi siku hizi ndiye posta ya mama yako?”

Nikamwangalia Skola. Nilikuwa namsubiri aseme: hao dagaa nimewakaanga mimi, hata miiba ya migebuka nimeitupa mimi. Alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Mzee wa nidhamu akasema basi apigiwe mama, halafu akajijibu mwenyewe, ah, mama ni mama, atamtetea tu. Wakaendelea kuniuliza, mmoja hajamaliza mwingine ameanza, na mimi nikafanya ninavyofanya nikigombezwa na wakubwa. Nikainama nikanyamaza. Nyumbani ukinyamaza hivyo inajulikana unaheshimu. Pale nikamsikia katibu anasema, “Mnaona? Hana la kusema.” Wakaniambia nitoke.

Sasa ndiyo naingia pale dirishani.

Kocha wetu ni mtu wa Tanga, nimeshakuandikia habari zake, mtu mpole, anavaa makoti mawili. Nilimsikia anasema, “Nahodha, huyu ni ndugu yako. Mimi mambo ya huku siyajui, naomba unisaidie kuelewa. Huku kwenu mtu kupiga magoti na kupiga makofi vile, maana yake nini?”

Nikajisemea, haya, mambo yamekwisha. Swali hilo hata mtoto wa kwetu analijibu. Anasalimia, kocha. Anashukuru. Maneno mawili tu hayo.

Skola akasema, “Kwetu mtu akikupigia makofi namna ile, amepokea. Amekubali.”

“Kwa hiyo ni kama saini?”

“Ni zaidi ya saini, kocha.”

Mama, nilikuwa nimeshika glavu zangu zilizolowa. Sikuzisikia mkononi. Nilikuwa nasikia tu ile sauti, sauti yake ya kawaida, ile anayotumia kuniambia njoo nikusuke. Ameitoa ile kata yako ya maji, amekitoa kifaranga mikononi, akawauzia kwa bei anayotaka yeye, kwa mtu ambaye alijua hawezi kujua. Angesema nimeiba, ningejua la kufanya. Lakini amechukua heshima uliyotufundisha siku moja, mahali pamoja, akanifunga nayo.

Ndipo nikaelewa kwa nini aliacha kutafuna. Mtoto wa ziwani anayehamia Radi ni yeye. Kama watu wanamtazama kipa, hakuna anayemtazama nahodha, na mechi ya Jumapili anacheza kwa amani, anashangiliwa, kisha ndiyo anavuka. Na mimi ambaye ningeweza kusema lile neno la mzee, nimeshaitwa msaliti, nani atanisikiliza?

Unajua nawaza nini nikiwa kitandani na yeye upande wa pili anapumua? Nawaza matofali. Ule mwaka tulipojenga nyumba ya mama mdogo, yeye chini ananirushia, mimi juu ya jukwaa nadaka nampa fundi. Watu wote wananiuliza nimejifunza wapi kudaka, nasema sijui, lakini ni pale. Na katika matofali yote yale, Skola hakuwahi kunirushia kabla sijasema tayari. Alikuwa anasubiri, tofali mkononi, jua kali, fundi anafoka, yeye anasema, “Mpaka Edi aseme.” Safari hii hakusubiri.

Siandiki haya ili umchukie. Kama angeniambia, Edi, nataka kwenda Radi, ningelia, ningemtania, ningemfungia chumvi ya safari. Kuhama siyo kosa. Wachezaji wanahama, huo ndio mpira. Ningemdaka mashuti yake akiwa na jezi nyingine, na ningefurahi kumnyima goli. Angenichagua mimi nimtunzie siri, ningeitunza. Mimi kunyamaza ndiyo kazi ninayoiweza. Aliichukua hiyo hiyo akaitumia.

Kesho asubuhi viongozi wanakaa kwa mara ya mwisho. Zawadi ameniambia, kwa kuninong'oneza, nadhani ameanza kuniona huruma, kwamba wameshapanga: natolewa timuni na nahama chumba, basi la Jumatatu linanirudisha kwako. Sweta nitarudi nalo. Ila shule ninaimalizaje nikiwa Kabwe, na mtihani uko mlangoni? Na langoni Jumapili anasimama yule mtoto wa akiba ambaye bado anafumba macho mpira ukija. Jana walininyang'anya funguo za stoo ya mipira. Leo nimekatazwa mazoezi, ndiyo maana nina nafasi ya kukuandikia. Nawasikia kwa mbali uwanjani wanapiga kelele, na kila kelele najua mpira uko wapi.

Nilitaka nikuulize nifanye nini. Nilitaka uniambie, nikilisema lile neno la Mzee Wensi mbele ya viongozi, je, na mimi nitakuwa nimemuuza kama alivyoniuza? Lakini barua itakufikia mambo yameshakwisha, kwa hiyo nimejijibu mwenyewe, na kama nimekosea utanigombeza nikija.

Kesho nitasimama. Sitainama. Nitamwambia kocha kwamba kule kwetu makofi yale ni shikamoo na asante, na kwamba kama hajaamini aende sokoni, amsalimie bibi yeyote anayeuza ulezi, ampe hata ndoo amshikie, aone atakavyojibiwa. Nitasema furushi ni la mama yangu, lilikuwa na dagaa, na dagaa tuliliwa watu wawili. Najua nimeandika vibaya hapo, dagaa waliliwa na watu wawili. Sauti ikigoma, nitasema kidogo kidogo mpaka itoke yote.

Ila la yule nahodha anayesubiriwa baada ya mechi sitalisema mimi. Hilo ni lake. Nampa mpaka kesho alitoe mwenyewe.

Nisalimie kaka Deo, mwambie mgongo wake hauumwi. Nisalimie Bibi, mpigie yale makofi kwa niaba yangu, ya kifaranga, yeye atajua yametoka kwa nani. Mama mlezi wa kwaya mwambie sauti yangu bado ndogo lakini inafanyiwa mazoezi. Baba mkubwa wa kule juu Namanyere, akishuka na mahindi, mwambie nimepokea salamu zake. Na mama mdogo msalimie sana, Mama. Msalimie kama kawaida, kwa sababu yeye hajafanya kitu, na mimi bado ni mtoto wake.

Nasikia geti. Wamerudi mazoezini. Zile ndala za Skola nazijua, ya kushoto imekatika kamba anaiburuza. Anapita kwenye pipa la maji, ananawa miguu. Mkono wangu umekwenda wenyewe kuinua godoro.

Nimeurudisha.

Anakuja. Anaimba ule wimbo wa mazoezi, hajui kama leo nimeacha karatasi mezani, uso juu, na kalamu nitaiweka pembeni yake. Nimebakiza nafasi hapa chini, mistari miwili, kama siku zote. Akitaka kukusalimia, akusalimie. Akitaka kukwambia makofi yetu yana maana gani, akwambie wewe uliyetufundisha.

Mlango unafunguka, Mama. Naweka kalamu.

Mwanao wa mwisho,
Editha